Bei ya Simu Haifiki Ramisi

Kuna hoja iliyoenea pwani hii ya kusini, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, na imeenea kiasi kwamba anayeipinga siku hizi huonekana mshamba. Inasema hivi: ukitaka vifaa vya michezo, achana na maduka, ingia mtandaoni. Bei ni ya chini, vitu ni tele, unaletewa hadi mlangoni, na yule mwenye duka wa Mombasa aliyezoea kuwapandishia walimu bei atajua hajui. Nimeisikia kwenye mikutano ya wazazi, nimeisikia kwenye basi la wanafunzi, nimeisikia hata kwa mzee mmoja wa bodi ya shule ambaye simu yake yeye ni ya kupiga na kupokea tu.

Kuhusu jezi na mipira ya miguu sina ubishi mkubwa nayo. Jezi ikija kubwa, mtoto ataichomekea. Ubishi wangu ni kuhusu mchezo wa magongo, ambao shule zetu zinaucheza kwa shida na ambao hoja hii inaumaliza polepole huku ikidai kuuokoa.

Magongo ni mchezo wa muhula wa kwanza. Shule zikifungua Januari, mechi za kaunti ndogo haziko mbali, kisha kaunti, kisha kanda, kisha kitaifa, yote kabla ya likizo ya Aprili. Wanaofuzu ndio huvuka kwenda michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA. Kwa hiyo mwalimu wa michezo wa upande wa Ramisi ana majuma machache ya kutayarisha timu, ana kiwanja cha nyasi zilizochanganyika na mchanga, na ana watoto ambao wengi wao hawakuwahi kushika gongo kabla ya kuingia sekondari. Pesa alizopewa nazo hazitoshi. Mtu huyo ndiye anayefaa kuipima hoja hii. Kijana wa Westlands anayeletewa mzigo kwa pikipiki kabla chai haijapoa hawezi kuwa shahidi wa mambo ya Ramisi.

Tuanze na bei, maana ndiyo silaha yao kubwa. Nitatumia tarakimu za mfano tu, zilizo nyepesi kuhesabika. Tuseme gongo dukani Mombasa ni Sh3,500, na mtandaoni kuna picha ya gongo linalofanana nalo kwa Sh2,800. Tofauti ni Sh700. Ukinunua moja, umeshindwa kabla ya kuanza, kwa sababu kuna ada ya kuletewa, na mzigo wenyewe kwa kawaida haufiki Ramisi. Unaishia Ukunda, nawe upande matatu uende ukaufuate na kurudi. Zile Sh700 zimekwisha na hata soda hujanywa.

Lakini sitaki kushinda kwa hila. Shule hainunui gongo moja. Inanunua kumi na mawili kwa mpigo, ada ya mzigo inalipwa mara moja, nauli inalipwa mara moja, na tofauti sasa ni Sh8,400. Hapo mwenzangu wa mtandaoni hutabasamu na kuegemea kiti. Basi na ahesabu upande wa pili pia. Katika hayo kumi na mawili, matatu yakija na kasoro, moja fupi kupita kiasi, moja lenye ufa kichwani, moja lililopinda vibaya, umetupa Sh2,800 mara tatu. Hizo ni Sh8,400 zile zile. Magongo matatu tu yameila akiba nzima, na timu imebaki na magongo tisa kwa wachezaji kumi na mmoja, kwa sababu kipa naye sharti ashike lake.

Watetezi wa mtandao hufunga hesabu pale pesa inapotoka kwenye M-Pesa. Mwalimu hufunga hesabu mwezi wa Machi, baada ya mechi ya mwisho, akiangalia magongo yaliyobaki mazima. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na ni ya pili tu inayoihusu timu.

Wataniambia: kitu kibovu kinarudishwa. Kinarudishwa kwa masharti. Siku za kurudisha huhesabiwa, sanduku liwe lile lile, na kitu kiwe hakijatumika. Gongo halionyeshi ubovu wake sandukuni. Tabaka za faiba huachana baada ya mipigo ya nguvu ya siku kadhaa, wakati rangi ya kichwani imeshachubuka na hakuna atakayekubali kwamba halijatumika. Ipo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na inagusa hata mikataba ya intaneti. Ila nionyesheni mwalimu atakayeacha darasa lake kumsaka mahakamani muuzaji asiyejulikana ofisi yake, kwa ajili ya gongo moja. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upande huu, aliagiza magongo kwa muuzaji ambaye sitamtaja, na yalipofika yalikuwa ya watoto wa umri wa miaka minane au tisa. Kwenye picha hayakuwa na kitu kando yake cha kulinganisha urefu. Alipopiga simu, aliambiwa angesoma maelezo vizuri. Wazee wetu waliliona hilo zamani waliposema mtu kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Ingia sasa duka la vifaa vya michezo kule Mombasa, umtazame mnunuzi anayejua anachonunua. Haangalii rangi wala stika. Anaomba yatolewe magongo yote ya kimo kimoja na kuyapanga juu ya kaunta. Analisimamisha moja sakafuni kando ya mguu wake na kutazama kama mwisho wa mshiko umefika usawa wa nyonga. Analiinua, anafumba jicho moja, anautazama urefu wake kutoka juu hadi chini kuona mpindo, kwa kuwa kanuni za mchezo zinaruhusu mpindo usiozidi milimita 25, na lililozidi hapo mwamuzi ana haki ya kulitoa uwanjani. Anagonga kichwa chake kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, maana mbao yenye ufa ndani hutoa sauti iliyokufa. Anapitisha ukucha ukingoni, pale utepe wa faiba ulipogandishwa kwenye mbao, kutafuta palipoanza kuachia. Mwisho anaukamata mshiko kwa mikono miwili na kuunyonga. Ukizunguka hata kidogo, gongo linarudi rafuni.

Wakati huo mwenye duka hakai kimya. "Mwalimu, hilo liache, ni la praimari. Wasichana wako wa mwaka jana si ndio wale warefu? Chukua inchi 36 na nusu sita, na 35 nne kwa wale wafupi." Mwalimu anajibu, "Babu, mwaka jana ulinipa mawili yakavunjika mechi ya kwanza." "Lete hapa niyaone." Maneno hayo matatu ndiyo ninayoyatetea katika makala hii. Hakuna kitufe cha kuyabonyeza kwenye simu.

Najua kwamba maduka mengi yameandika kwenye risiti kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Najua pia kwamba maandishi hayo hulegea kwa mtu atakayerudi Januari ijayo kununua mengine kumi na mawili. Yule wa mtandaoni hana Januari ijayo na wewe. Kesho anaweza kuwa na ukurasa mwingine wenye jina jingine, akiuza sufuria.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni wingi. Mtandaoni kuna aina mia, wanasema, dukani kuna mbili tatu. Ni kweli, na wingi huo ndio mtego wenyewe. Kwanza, mtu asiyeujua mchezo akiandika neno hoki kwenye tovuti za nje, nusu ya vitu vinavyomjia ni vya hoki ya barafu. Kuna alama moja rahisi ya kutambua. Gongo la uwanjani halina la mkono wa kushoto na la mkono wa kulia. Kanuni zinataka upande bapa uwe wa kushoto kwa wachezaji wote, na mwenye shoto naye hujifunza hivyo hivyo. Ukiona unaulizwa uchague la kulia au la kushoto, funga ukurasa huo, umeingia barafuni. Simdharau mtu wa barafu. Nairobi ipo timu ya Kenya Ice Lions, iliyojifunzia kwenye ukumbi wa barafu wa hoteli ya Panari, na mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada wakacheza bega kwa bega na nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Ila Ramisi barafu ni ya kugandishia samaki.

Pili, hata yale ya uwanjani hasa, sehemu kubwa ya yanayouzwa mtandaoni yametengenezwa kwa kiwanja tusichokuwa nacho. Hapa inafaa tukumbuke kidogo. Kenya ilikuwa taifa kubwa la magongo. Tulikwenda Olimpiki kuanzia Melbourne 1956, na katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, tulimaliza nafasi ya nne. Avtar Singh Sohal, beki na nahodha, alicheza Olimpiki nne. Timu hizo zilikulia kwenye nyasi. Mwaka 1976 Olimpiki ya Montreal ikawa ya kwanza kuchezewa kwenye zulia la plastiki, nasi hatukucheza kwa sababu nchi za Afrika zilisusa kuhusu New Zealand na Afrika Kusini. Dunia ikahamia kwenye zulia, na viwanda vikahama nayo. Tulirudi Los Angeles 1984 na Seoul 1988, na tangu hapo wanaume wetu hawajaingia tena Olimpiki.

Gongo la kaboni linalosifiwa mtandaoni lilizaliwa katika dunia hiyo ya zulia. Ni kavu, linarusha mpira kwa kasi, na linataka mpira uje ukiteleza sawasawa juu ya plastiki iliyomwagiwa maji. Kiwanja cha hapa kinauleta mpira ukirukaruka. Mtoto anayejifunza akiupokea kwa kaboni, mpira unamponyoka mita tatu mbele. Vijiwe vya kiwanjani navyo vinaukwangua ukingo mpaka nyuzi za kaboni zionekane, na siku si nyingi kichwa kinaanza kumumunyuka. Anachohitaji mtoto huyo ni gongo la mbao lililoimarishwa kwa faiba, zito kidogo kichwani, linalokubali kosa. Viatu vinavyoitwa vya magongo mtandaoni, vyenye vidutu vidogo vingi chini, navyo ni vya zulia. Kwenye nyasi zilizolowa umande wa asubuhi, raba za kawaida zinateleza, njumu za mpira zinashika, na njumu zipo Ukunda na zipo mitumbani Kongowea kwa bei ya kuzungumza. Muuzaji wa Mombasa anayajua haya kwa sababu wateja wake wote wanacheza kwenye viwanja vya namna hii. Orodha ya tovuti haijui kiwanja chako kina nini.

Sasa nije kwenye hoja yao iliyo kali zaidi, ile ambayo wenye maduka huikwepa. Wanasema: bidhaa za Mombasa na za mtandaoni zinatoka mahali pamoja, kwa nini tumlipe dalali wa katikati? Kwamba zinatoka mahali pamoja ni kweli. Mji wa Sialkot nchini Pakistan umekuwa ukitengeneza vifaa vya michezo tangu enzi za Waingereza, na baada ya mgawanyo wa 1947 mafundi waliohamia India waliupeleka ufundi huo Jalandhar na Meerut. Magongo mengi yanayouzwa duniani, yawe na jina la Kizungu au lisilosomeka, yana asili yake huko. Mpira wa Kombe la Dunia la soka la 2014 ulioitwa Brazuca ulitengenezwa Sialkot vilevile.

Ila Sialkot wanatengeneza mazuri na wanatengeneza mabaya, kwa bei ya kila anayeagiza. Kazi ya huyo mnayemwita dalali ni kuchagua kati ya hayo. Ameleta shehena, ameona magongo ya kiwanda fulani yanarudishwa na walimu yakiwa vipande viwili, na msimu unaofuata hamwagizi tena mtu yule. Ametanguliza fedha zake. Amelipa ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli, na hayo yote yamo ndani ya ile bei mnayoiita ya unyonyaji. Agizeni wenyewe gongo moja moja kutoka nje muone kama forodha itawasamehe kwa kuwa ninyi ni wanamichezo. Mzigo utakaa, mtaitwa, mtaambiwa kiasi, na ile bei ya kwenye picha mtaikumbuka kwa huzuni.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa mtandao hawaligusi kabisa, labda kwa kuwa wengi wao hununua kwa pesa ya mfukoni. Pesa ya shule si pesa ya mfukoni. Shule ya umma inafungwa na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015. Inahitaji nukuu za bei, inahitaji hati ya kuagizia bidhaa, yaani LPO, inahitaji risiti ambayo mkaguzi wa hesabu ataikubali. Mwalimu mkuu hawezi kutuma pesa za wanafunzi kwa namba ya simu ya mtu aliyemuona Facebook, kisha amwonyeshe mkaguzi picha ya skrini. Kinachotokea ni kwamba mwalimu wa michezo hutoa pesa zake, aagize kwa jina lake, halafu azunguke ofisi ya bursa muhula mzima akiomba arudishiwe. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haimo kwenye tovuti yoyote.

Tena pesa yenyewe haiji kwa wakati. Mgao wa serikali wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, ule ulioanza mwaka 2018, kila mkuu wa shule anajua unavyokuja kwa mafungu na kwa kuchelewa. Mechi hazingoji mgao. Mwenye duka aliyekuzoea anaweza kukupa magongo Januari na kulipwa Machi. Tovuti haikopeshi, na anayekopa Fuliza ili timu icheze anajua mwenyewe atakavyolia.

Msidhani namtetea mwenye duka kwa mapenzi. Wapo wanaokuwa na bei mbili, moja ya mtu na moja ya shule, na ile ya shule ni ya kuchukiza. Wapo waliokaa na magongo ya mwaka juzi yaliyokauka kwenye rafu hadi gundi ikachoka, wakayafuta vumbi na kuyauza kuwa mapya. Sitamwambia mzazi wa Bodo au wa Shirazi, anayelipa kwa pesa za nazi na samaki, alipe zaidi ili kumfadhili mfanyabiashara wa mjini. Wanaosema tununue dukani kwa ajili ya kuinua biashara ya nyumbani wananiharibia hoja. Ile bei mbili, hata hivyo, ina sababu yake. Anayelipwa baada ya miezi minne huweka hiyo miezi minne ndani ya bei. Shule ikija na pesa taslimu, au ikija na shule nyingine tatu kwa pamoja, bei ya pili hupotea yenyewe.

Pia nitawapa wapinzani wangu kipa wao, kwa sababu ni haki yao. Vifaa vya kipa, yaani helmeti, kinga ya kifua, pedi za miguu, viatu vya kupigia mpira na glavu zake, hutavipata Ukunda, na Mombasa ni bahati. Hapo kuagiza hakuepukiki. Mpira wa magongo una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, mgumu, na unakuja usoni kwa mtoto wa watu. Kipa hachezi na kofia ya pikipiki, ingawa najua kuna mahali amecheza nayo. Hata kwa vifaa hivyo, kuna tofauti kati ya kumpa mwenye duka oda aje navyo kwa dhamana yake, na kuvinunua mwenyewe kwa picha. Helmeti inayocheza kichwani ni hatari kuliko unavyodhani, na hakuna picha inayoonyesha kama itacheza.

Nikifika hapa huwa naulizwa: basi Ramisi kuna duka gani la magongo? Hakuna. Duka la karibu letu ni la Mombasa, zaidi ya kilomita 50 kutoka hapa hata kabla ya kuvuka. Lakini kivukoni Likoni mwenda kwa miguu halipi kitu, na mwalimu mmoja akitoka alfajiri anarudi jioni na magongo kumi na mawili aliyoyagonga moja moja kwa mkono wake. Safari hiyo nimeiona ikikejeliwa kuwa ni ya kizamani. Mimi naiona ndiyo kazi ya ununuzi yenyewe.

Na kuna urekebishaji. Gongo la mbao lililopata ufa mdogo si la kutupwa. Mafundi wa maboti ya faiba wapo pwani hii kwa ajili ya watalii na wavuvi, na fundi mzuri hukata ukanda wa kitambaa cha faiba, akaupaka rezini, akauzungusha pale palipoumia, akasugua kwa msasa. Sharti asizidishe. Kanuni zinataka gongo zima, pamoja na kila kilichoongezwa, lipite kwenye pete ya kipenyo cha milimita 51, na lisizidi gramu 737. Mwenye duka anayejua kazi yake atakuambia lipi linafaa kutibiwa na lipi limekufa. Sijaona tovuti inayofundisha hilo, kwa kuwa faida yake iko kwenye gongo jipya.

Kuna wanaojibu kwamba duka likifungwa, soko litaleta kitu kingine mahali pake. Watu wa Ramisi ndio wa mwisho kuambiwa maneno hayo. Kiwanda cha sukari kilifungwa hapa mwaka 1988, na ikapita zaidi ya miaka 20 kabla ya miwa kuanza tena kusagwa katika eneo hili chini ya kampuni nyingine. Soko halikuwa na haraka nasi. Biashara ya magongo ni ndogo mno, haihitaji hata msukosuko kama huo ili ife. Mfanyabiashara anayeuza magongo machache kwa mwaka, Januari moja akikaa nayo rafuni, msimu ujao ataleta mipira ya miguu badala yake. Hatatangaza. Mwalimu atagundua siku mbili kabla ya mechi za kaunti, magongo mawili yamevunjika mazoezini, mipira mitatu imepotelea kwenye mashamba ya miwa, na mzigo wa mtandaoni unaonyesha kwamba bado uko njiani. Siku hiyo bei nafuu haina mtu wa kumpigia simu.

Simu ina kazi yake. Itumieni kujua bei. Nenda nayo dukani, mwonyeshe mwenye duka kile ulichokiona, umwambie, "Bwana, hapa ni Sh2,800, nipe sababu." Akiwa na sababu ataitoa, akiwa hana atashusha. Shule za Ramisi, Msambweni na Diani zinaweza kukaa pamoja mwezi wa Oktoba, kabla ya kufunga mwaka, zikaandika orodha moja yenye vimo vya watoto badala ya idadi tupu, zikatanguliza amana, na mwenye duka akaleta shehena akijua wateja wake kwa majina. Oda ya magongo hamsini inaheshimiwa. Kwa oda hiyo hata zile Sh700 nilizozitaja mwanzoni zinazungumzika, na mengi ya yatakayokuja na kasoro yanabadilishwa kabla ya kipenga cha kwanza.

Anayebisha bado, namuomba jambo moja. Aprili, kanda ikishamalizika, alete risiti zake zote za mtandaoni, pamoja na nauli za Ukunda na ada za mizigo. Alete na magongo yenyewe, yakiwemo yale yaliyovunjika na yale ambayo hayakuwahi kufika. Nami nitaleta yangu. Tuyapange kwenye nyasi na kuhesabu yanayoweza kucheza.